Safari ya Magadi na Gari Lililokunywa Maji

Barabara itokayo Nairobi kwenda Magadi si ndefu. Urefu wake ni kilomita 110 hivi, na mtu mwenye gari zima aweza kuondoka asubuhi akarudi jioni. Lakini katika mwendo huo mfupi msafiri hupita katika nchi mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni nchi ya Ong'ata Rongai na Kiserian, yenye maduka, masoko na bustani, ambako watu huvaa makoti wakati wa asubuhi. Ya pili huanza Kona Baridi, kwenye bega la milima ya Ngong. Hapo upepo huvuma mchana kutwa, na msafiri akitazama upande wa magharibi huona ardhi imekatika ghafula, na Bonde la Ufa limelala chini yake, lenye rangi ya vumbi na nyasi kavu, mpaka macho yachoke.

Mji wa Nairobi uko kadiri ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Magadi mita 600 hivi. Kwa hiyo barabara hushuka zaidi ya mita 1,000, na kila inaposhuka, joto huzidi na maji hupungua. Baada ya Kona Baridi vijito vingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo maana madereva waijuao njia hii wana desturi moja: hakuna aondokaye bila madumu mawili ya maji, moja la watu na moja la gari.

Habari hii ni ya pikapu moja kuukuu iliyoshuka bondeni mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, ikiwa na ugonjwa ambao ulikuwa bado haujajulikana.

UGONJWA USIOONEKANA

Mwenye pikapu alikuwa mzee mmoja wa Kiserian, aliyekuwa karani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Fedha za kiinua mgongo alizinunulia pikapu hiyo, ambayo hata siku ile aliyoinunua haikuwa mpya. Kazi yake ilikuwa kuchukua unga, sukari na sabuni kupeleka katika maduka ya bondeni, na kurudi na mbuzi wa kuuzwa katika soko la Kiserian. Karo ya watoto wake wawili wa mwisho ilitoka katika magurudumu yale manne.

Tangu mwanzo wa mwaka mzee aliona kwamba maji ya rejeta yanapungua. Hayakupungua kwa kishindo. Hapakuwa na mvuke, wala mshale wa joto haukupanda. Alikuwa akifungua boneti asubuhi na kuona chupa ya akiba imeshuka kidogo chini ya alama, naye huongeza kikombe kimoja au viwili na kwenda zake. Lakini mtu aliyezoea vitabu vya hesabu hawezi kutoa kila siku bila kuandika. Alinunua daftari ya shule, akaipiga mistari, na kila asubuhi akaandika tarehe, kilomita na kiasi cha maji kilichoongezwa. Baada ya wiki tatu daftari ilionyesha kwamba gari linakunywa kama nusu lita kwa kila siku mbili za kazi. Na chini ya gari, mahali lilipolala, ardhi ilikuwa kavu kabisa.

Fundi mmoja alilichungulia gari kwa chini, akapapasa hapa na pale, kisha akatoa hukumu. Alisema kwamba maji yasiyoanguka nje bila shaka yanaungua ndani. Gasketi ya silinda hedi imekufa, nayo injini haina budi kufunguliwa. Gharama aliyoitaja ilikuwa sawa na thamani ya ng'ombe wawili, na mzee alikuwa na ng'ombe wanne.

Usiku ule mzee alimwarifu mpwa wake, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya ufundi wa magari Nairobi. Kijana aliuliza swali moja tu: "Mjomba, je, huyo fundi alipima, au alitazama tu?"

"Alitazama," akajibu mzee.

"Basi usiuze ng'ombe bado. Nitakuja Jumamosi, twende Magadi pamoja na daftari yako."

JINSI MAJI YANAVYOFANYA KAZI

Yafaa kueleza kwanza maji yale yana kazi gani, maana wengi huyatia bila kujua. Injini huchoma mafuta, na sehemu kubwa ya moto wake haigeuki kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu, bali hubaki kuwa joto tupu. Pampu ya maji, izungushwayo na mkanda wa feni, huyasukuma maji yakazunguka silinda na kuchukua joto hilo, kisha yakapita katika mirija myembamba ya rejeta ambapo upepo huyapoza. Halafu hurudi tena, maji yale yale, mara nyingi mno katika safari moja. Gari zima haliyatumii maji hayo kama litumiavyo petroli. Linayaazima tu. Likionekana kuyanywa, basi pana mlango uliofunguka mahali fulani.

Jambo la pili ni kifuniko cha rejeta. Watu hukidhani kuwa kizibo tu, kama kizibo cha chupa, kumbe kina springi yenye nguvu maalumu. Maji yaliyo wazi huko Nairobi huchemka kwenye digrii 94 au 95 za Selsiasi, kwa sababu hewa ya mahali pa juu ni nyepesi. Magadi huchemka karibu na digrii 98. Injini iliyochoka kwa kupanda mlima yaweza kupita kiasi hicho. Kifuniko kizuri huyafungia maji yakae chini ya msukumo, na kifuniko chenye nguvu ya ratili 13 kwa kila inchi ya mraba huongeza kiwango cha kuchemka kwa karibu digrii 20. Lakini msukumo huo huo ndio utafutao kila ufa. Tundu lisiloweza kutoa tone wakati gari limepoa huweza kuvuja wakati maji yanaposukuma kwa nguvu. Na kwa sababu hiyo hiyo haifai kamwe kufungua kifuniko injini ikiwa na moto. Maji yakifunguliwa ghafula hugeuka mvuke mara moja na kumrukia mtu usoni, na wako madereva waliopata makovu kwa namna hiyo.

ASUBUHI YA SAFARI

Saa 12 ya asubuhi, kabla injini haijawashwa, kijana alifungua kifuniko na kujaza rejeta mpaka shingoni. Chupa ya akiba aliitia alama kwa kalamu mahali maji yalipofika. Mzee akaandika kilomita katika daftari. Kisha kijana akaanza kuuliza maswali ya ndani, yaani yale yahusuyo gasketi, kwa kuwa hilo ndilo lililotishia ng'ombe.

Alichomoa kipimo cha oili na kukipangusa kwa kitambaa cheupe. Oili ilikuwa nyeusi, lakini nyeusi ya kazi. Haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ambayo huonyesha kwamba maji yamechanganyika nayo. Alifunua kifuniko cha kutilia oili, akatazama upande wake wa ndani, napo hapakuwa na utelezi mweupe. Akawasha injini huku rejeta ikiwa wazi na maji yangali baridi, akatazama shingoni kwa muda mfupi. Gasketi ikiwa imepasuka, moshi wa silinda husukumwa ndani ya maji na kutoa mapovu yasiyokoma. Hapa maji yalitetemeka tu. Akaizima injini, akafunga kifuniko, akaiwasha tena na kwenda nyuma ya gari. Moshi mweupe kidogo ulitoka kwa sababu ya baridi ya asubuhi, kisha ukaisha. Moshi wa maji yanayoungua hauishi hata injini ikipata moto, na ukiwa na kulanti ndani yake hunuka utamu kama sukari iliyoungua.

Mwisho aliinua mkeka wa sakafu upande wa abiria na kuupapasa. Magari yenye kipasha joto yana rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, na ikivuja hulowesha sakafu na kutia ukungu kioo cha mbele. Mkeka ulikuwa mkavu.

"Mjomba," akasema kijana, "sijasema kwamba gasketi ni nzima. Nimesema kwamba haijatoa ushahidi wowote dhidi yake. Hatumfungi mtu kwa sababu hatukumwona mwingine."

KUSHUKA BONDENI

Pikapu iliondoka na magunia 14 ya unga na sukari. Kona Baridi walisimama na kutazama mshale wa joto, ulikuwa katikati. Kijana alimwonya mjomba wake asiuamini mno. Kipimo hupima joto la maji yanayokigusa, na maji yakipungua sana, kipimo hubaki katika hewa tupu na huweza kuonyesha salama wakati injini inaungua. Dereva mwenye mashaka hutazama mshale, lakini pia hutazama chupa.

Barabara ikaanza kushuka kwa mizunguko. Miti ya milimani ikabaki nyuma, migunga ikaanza, na hewa iliyoingia dirishani ikawa ya moto. Karibu na Oltepesi mama mmoja wa Kimaasai alisimama kando ya njia na watoto wawili, akainua dumu tupu. Hiyo ni ishara ijulikanayo na kila dereva wa njia ya Magadi wakati wa kiangazi. Mama akasema, "Mzee, tusaidie maji."

Mzee alitazama nyuma, yalipokuwa madumu yake mawili ya lita 20. Mbele yake palikuwa na bonde zima, na kurudi kupanda, na gari linywalo maji kwa mlango asioujua. Siku nyingine angaligawa. Siku ile alitoa chupa moja ndogo ya kunywa watoto, akaomba radhi, akaondoa gari. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha alisema kama mtu ajisemeaye, "Sijui litakunywa kiasi gani. Mtu asiyejua hesabu yake hawezi kutoa hata kilicho chake."

Olorgesailie walisimama tena, wakaiacha injini izunguke taratibu chini ya mgunga. Mahali hapa pana sifa duniani kote. Mtaalamu J. W. Gregory aliona zana za mawe hapa mnamo mwaka 1919, na Louis na Mary Leakey walianza uchunguzi mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mashoka ya mawe yaliyotengenezwa na watu wa kale yamelala kwa wingi juu ya ardhi, mengine yenye umri wa miaka zaidi ya 900,000, na mgeni huyatazama akiwa juu ya daraja la mbao. Palikuwa na ziwa mahali pale zamani. Sasa ni vumbi jeupe tu, lakini wataalamu hulisoma ziwa lile kwa mashapo yaliyoachwa na maji yake.

Kijana hakwenda kuyatazama mawe siku ile. Aliinama mbele ya boneti, akafumba macho, akanusa. Palikuwa na harufu ya utamu, hafifu sana, mbele ya injini kuliko nyuma. Alipomulika tochi hakuona tone wala unyevu. Alisema tu kwamba pua imekwisha kushuhudia, macho bado.

ZIWA LILILOACHA CHUMVI

Walifika Magadi karibu na saa 6 ya mchana. Mgeni afikapo mara ya kwanza hudhani kwamba ameona theluji au shamba la pamba, kumbe ni magadi yenyewe, meupe na mahali pengine yenye wekundu, yaliyotanda katika ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 100. Maji huingia kwa chemchemi za moto zilizo kando kando, yakileta chumvi kutoka ardhini, wala hakuna mto utokao. Jua huyainua maji, na kila kilichokuwa ndani yake hubaki. Kwa maelfu ya miaka kimebaki kingi hata kikawa mwamba. Kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka 1911, reli ikajengwa kutoka Konza, na magadi hayo yakaanza kusafirishwa kwenda kutumika katika viwanda, hasa vya kutengenezea vioo. Katika chemchemi hizo huishi samaki wadogo wa jamii ya ngege, katika maji ambayo samaki wa mito mingine wasingeyavumilia hata kwa saa moja.

Mizigo ilishushwa. Gari likaachwa kivulini lipoe, na alasiri kijana akapima. Alama ya kalamu ilikuwa juu ya maji kwa kiasi cha kikombe kimoja. Chini ya gari palikuwa pakavu kama kawaida.

Jua lilipopungua ukali, mjomba na mpwa walitembea mpaka ukingo wa ziwa. Palikuwa na jiwe jeusi lililokuwa limeloweshwa na maji ya chemchemi siku za nyuma. Sasa lilikuwa kavu na moto, lakini mstari mweupe ulionyesha barabara mahali maji yalipofika, hata mahali tone lilipochuruzika. Kijana alikwaruza mstari ule kwa ukucha, akacheka.

"Mjomba, tumekuwa tukitafuta maji. Maji hayawezi kuonekana katika injini ya moto, kwa sababu hukauka kabla ya kuanguka. Inatupasa kutafuta chumvi yake."

Wakarudi kwa haraka. Kijana alilala chali mbele ya gari na kioo kidogo na tochi. Aliacha rejeta na mipira, ambayo mafundi wote huitazama kwanza, akapeleka kioo nyuma ya puli ya pampu ya maji, mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika. Chini ya shingo ya pampu pana kitundu kidogo kilichowekwa na watengenezaji kwa makusudi. Muhuri wa ndani ukianza kuchakaa, maji hutokea hapo ili yasiingie katika beringi, nayo ikawa ishara kwa fundi mwenye macho. Kutoka katika kitundu kile palikuwa na mstari mwembamba, mgumu, mweupe wenye kutu, uliopindishwa na upepo wa feni kuelekea kwenye chuma cha injini.

USHAHIDI WA ALFAJIRI

Mtu mwingine angaliishia hapo. Lakini kijana alisema kwamba mstari ule waweza kuwa wa mwaka jana, na kwamba hapati kuuza ng'ombe wala kumwokoa ng'ombe kwa mstari mkavu. Akaukwaruza, akaosha mahali pale kwa maji kidogo na brashi, akapakausha. Kisha wakalala.

Alfajiri, chuma kikiwa kimepoa kabisa, alijaza rejeta na kuondoa kifuniko. Mahali pake akafunga pampu ya mkono yenye saa ya kupimia msukumo. Akapiga mpaka mshale wa saa ukafika kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko, wala hakuzidisha, maana msukumo uliopita kiasi hupasua rejeta iliyo nzima. Wakakaa kimya. Baada ya dakika chache mshale ulikuwa umeshuka kidogo mno. Baada ya robo saa, chini ya kile kitundu, katika mwanga wa tochi, palining'inia tone moja. Halikuanguka. Lilikua, likateleza juu ya chuma, likapotea katika bamba la kukinga matope lililo chini ya injini. Hiyo ndiyo sababu ardhi ilikuwa kavu siku zote: bamba lilipokea yale machache ya usiku, na mchana feni iliyatupa kwenye injini yenye moto yakakauka.

Kijana alipima pia kifuniko chenyewe kwa pampu ile ile, akakuta springi yake ingali nzima. Akatikisa puli kwa mkono. Ilicheza kidogo kuliko inavyopasa. Beringi ilikuwa imeanza kwenda njia ya muhuri.

"Umekuwa ukitia maji gani, Mjomba?"

Mzee akakiri kwamba tangu alinunue gari ametia maji ya kisima, kwa kuwa kulanti ni ghali na nchi hii haina barafu. Kijana akamweleza kwa upole kwamba kazi ya dawa ile si kuzuia barafu tu. Huzuia kutu, hupandisha kiwango cha kuchemka, na huhifadhi muhuri wa pampu. Maji ya kisima yana chumvi, na injini huifanyia chumvi hiyo kama jua lifanyavyo huko ziwani. Harufu ya utamu ilitoka katika kulanti kidogo aliyoongeza yule fundi wa kwanza. Akaongeza onyo moja: kulanti nyingi ni sumu, na utamu wake huwavuta mbwa na hata watoto, kwa hiyo haifai kumwagwa ovyo mahali penye mifugo.

KUPANDA TENA

Sasa hesabu ilijulikana. Gari lilipoteza kikombe kimoja kwa kushuka likiwa na mzigo. Kupanda kungeongeza, labda vikombe viwili au vitatu, na iwapo beringi ingezidi kuharibika, mlango ungefunguka zaidi. Mbuzi 16 walikuwa wakingoja. Mzee alipakia 8, akamwambia mwenye mbuzi kwamba wengine atawafuata wiki ijayo, naye akubali au atafute gari jingine. Mwenye mbuzi alinung'unika, kisha akakubali. Waliondoka mapema kabla ya jua kukaza, wakaenda mwendo wa pole, na kusimama mara tatu kutazama chupa bila kugusa kifuniko.

Karibu na Oltepesi mzee alipunguza mwendo kabla hajaonyeshwa ishara yoyote. Mama yule hakuwapo kando ya njia, bali watoto wake walikuwapo na dumu lao. Mzee alishuka, akafungua dumu la watu, ambalo halikutiwa dawa yoyote, akalimimina lote katika dumu la watoto mpaka likajaa. Dumu la gari lilibaki kama lilivyo, lita 20, na daftari ilisema kwamba lita moja ingetosha. Watoto walilisukuma dumu lao kulifikisha kivulini, kwa kuwa lilikuwa zito kupita nguvu zao, na mkubwa akakimbia kumwita mama yake.

Pikapu ilipanda mizunguko ya Kona Baridi kwa gia ya pili, mshale ukapita katikati kidogo, ukakaa hapo. Juu, upepo wa Ngong uliipiga rejeta, na mshale ukarudi mahali pake. Walipopima Kiserian baada ya gari kupoa, palikuwa pamepungua vikombe viwili na nusu.

Pampu mpya ilifungwa Jumatatu pamoja na gasketi yake ndogo na mkanda mpya wa feni. Gharama yote haikufika thamani ya mbuzi watatu. Rejeta ilisafishwa, ikatiwa kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu. Hata hivyo kijana hakukubali kwamba kazi imekwisha. Alimtaka mjomba wake aendelee kuandika kwa siku 30, kwa sababu gari lenye mlango mmoja laweza kuwa na wa pili, na gasketi ilikuwa bado haijapewa haki yake. Mzee aliandika. Siku 30 zikapita, na katika safu ya maji yaliyoongezwa hapakuwa na kitu ila mistari mitupu. Hapo ndipo gasketi ilipoachiliwa huru, na ng'ombe wawili wakabaki zizini.

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wenye magari ya zamani wafaa kukumbuka kwamba haba na haba hukimaliza vile vile. Mzee yule angali na daftari yake chini ya kiti cha dereva. Madumu anayopakia siku hizi ni matatu, nalo la tatu halina kazi katika gari. Hutelemshwa karibu na Oltepesi.